Taulo la Raundi ya Tisa

4 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lifti zako zinapanda na kushuka kama zinavyotakiwa. Huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti lakini anasema ni la kawaida, kana kwamba watu wote huzaliwa na goti linalolia. Mimi bado nipo duka la miwani. Nimepandishwa cheo kutoka kufuta vioo hadi kuvikata, na tangu nipande nimeshajikata vidole vitatu. Baba naye ni mzima kupita kiasi. Nitaeleza.

Filamu imetoka. Ile ya maisha yake, waliyoifanyia kazi miaka miwili wakija nyumbani kunywa chai yetu na kupiga picha picha zetu za ukutani. Tulialikwa siku ya kwanza, tukawekwa safu ya mbele kabisa, mahali ambapo kitu pekee unachokiona vizuri ni tundu za pua za mwigizaji. Anayemcheza Baba ana urefu wa mlango na meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Baba, ambaye hupanda stuli kufikia kabati la juu, alinigusa kiwiko akaninong'oneza, "Wamenipata kabisa."

Filamu inaanza akiwa mtoto fukara, anapiga gunia la mchanga kwenye mvua. Mvua hiyo inanyesha saa mbili nzima. Nilimuuliza kama kweli alikuwa akifanya mazoezi mvuani. Akasema hapana, alikuwa na kifua kibovu, lakini mkurugenzi alisema mvua inapendeza.

Sasa wewe. Hukuwekwa. Si kwamba wamekucheza vibaya, hukuzaliwa kabisa. Radi, yaani Baba kwa jina lake la ulingoni, bingwa wa uzito wa kati, ni mtoto wa pekee. Anayemwamsha alfajiri, anayekimbia naye, anayekaa kwenye kona na kumtazama kwa huruma kati ya raundi na raundi ni mbwa. Mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala. Anakufa katikati ya filamu, na ukumbi mzima ulilia, Baba akiwa wa kwanza. Pole kwa msiba wako.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni pambano la mwisho. Kwenye filamu, dada mmoja mwenye kope za kununua, ambaye eti ni Mama, amesimama kando ya ulingo na mimba ya miezi saba (hiyo ni mimi, nimechezwa na mto), anapiga kelele, "Simama, mume wangu, simama." Baba anasimama. Raundi kumi na mbili zinaisha, majaji wanamwibia ushindi, muziki unapanda. Hapo ndipo Mama alipoondoka ukumbini. Nilimkuta nje kwenye benchi karibu na vyoo, mkoba mapajani. Akasema viti vya mle ndani vinaumiza goti.

Tulipokuwa tunatoka, kinyozi wa mtaani kwetu aliuliza kwa sauti, "Mbona lile taulo hawakulionyesha?" Baba aligeuka kama mtu aliyesikia gesi inavuja, akasema gari linatungoja. Hakukuwa na gari.

Taulo gani, Baba Mdogo? Tangu nina miaka mitano, kila nikiuliza kwa nini huji kututembelea naambiwa lifti zimekuzidia. Hakuna jiji duniani lenye lifti nyingi kiasi hicho.

Ni mimi, binti yako wa miwani.

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la chai, kwa hiyo najua kwamba watu wa posta nao ni wazima. Mimi sijambo. Wiki iliyopita nilimtoa mwanasheria mmoja aliyekwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba pamoja na mteja wake. Walikaa humo saa moja na nusu. Walipotoka mteja alinishukuru, kisha akasema anatafuta mwanasheria mwingine. Nami nimeongezewa jengo la hospitali, lenye lifti nne na malalamiko ya lifti arobaini.

Hongera kwa cheo. Vidole vitaota.

Nimesikitika sana kuhusu mbwa. Naomba unieleze kama alipewa nafasi ya kusema chochote, maana mimi katika miaka tisa ya kubeba ndoo ya Radi sikupewa. Je, alishika ndoo kwa meno? Alimfunga bandeji? Aliamka saa kumi alfajiri kumkanda misuli huku akitukanwa? Kama yote hayo aliyafanya na hakulalamika, basi mkurugenzi hakukosea, alichagua ndugu bora. Huku filamu bado haijafika. Ikifika nitakwenda kumpa heshima marehemu.

Kuhusu taulo, mataulo yalikuwa mengi. Ulingo ni mahali pa jasho. Kinyozi wenu angeangalia vichwa vya watu.

Goti la shemeji lisipuuzwe. Mwambie aweke maji ya moto, na asikae kwenye viti vya namna hiyo tena. Kama filamu inaumiza, si lazima kuimaliza.

Msalimie. Baba yako usimsalimie, utampotezea wakati.

Baba yako Mdogo.

20 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo tena. Salamu zako nimezifikisha. Mama alisimama na sufuria mkononi, akauliza, "Amesema kama filamu inaumiza?" Nikasema ndiyo. Akasema mtu huyo hajabadilika, kisha akaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Baba hakamatiki. Amefungua duka la rangi la mtu. Amekata utepe wa kituo cha kuoshea magari. Amehutubia wahitimu wa chuo cha uhasibu juu ya kutokata tamaa, na nasikia wawili waliacha chuo. Tatizo ni kwamba ameanza kukumbuka filamu. Juzi alimwambia fundi bomba kuhusu yule mbwa, jinsi alivyomzika kwa mikono yake. Nilikuwepo. Baba anaogopa mbwa.

Redioni waliuliza nani alikuwa kwenye kona yake miaka yote ile. Akajibu kwa sauti ya upole, "Nilikuwa peke yangu." Mama alikuwa anapiga pasi. Aliunguza shati.

Sasa nisikilize, maana jibu lako kuhusu mataulo halikunifurahisha, na mimi si mteja wa lifti wa kuambiwa subiri kidogo. Wiki iliyopita alikuja dukani mzee mmoja, amenyooka kama rula, anataka miwani ya kusomea. Alipoona jina langu kwenye fomu akauliza kama mimi ni mtoto wa Radi. Nikasema ndiyo. Akasema yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa pambano la mwisho. Nikamwambia filamu imeonyesha raundi kumi na mbili. Akacheka mpaka nikampoteza kwenye kipimo.

"Zilikuwa tisa," akasema. "Baba yako mdogo alirusha taulo. Taulo jeupe, likaniangukia kwenye kiatu. Nilikuwa sijaanza kuhesabu, maana baba yako alikuwa bado amesimama."

Nikamuuliza kama ulikosea.

"Binti," akasema, "kama si lile taulo, leo nisingekuja hapa kununua miwani. Ningekuwa nimeshakuja zamani kwa mama yako kuomba msamaha."

Nilimpunguzia bei. Basi naomba unijibu kama mtu mzima mwenzako. Ulilirusha wewe? Kwa nini? Na kwa nini nyumbani kwetu jambo hilo halitajwi, kana kwamba uliiba?

Binti yako.

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Ningeweza kukudanganya kwamba barua yako ilipotea, lakini ilikuwa mezani, chini ya kitasa cha lifti ya hospitali, wiki saba. Kila asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikiitazama. Mengine ni mazima. Jino moja limeng'oka, nimebaki na ya kutosha.

Filamu imefika huku. Nilikwenda mchana, tukiwa watu sita na mmoja amelala. Nitakupa maoni yangu kama mtaalamu. Glavu zimevaliwa vizuri. Damu ni nyingi mno puani na haipo nyuma ya sikio, ambako ndiko ilikokuwa. Mwigizaji anapiga ngumi kama mtu anayefukuza nyuki. Kocha anatoa hotuba ndefu kati ya raundi. Kocha wetu wa kweli alijua maneno matatu, na mawili kati ya hayo siwezi kumwandikia binti. Mbwa aliigiza vizuri kuliko wote, nilikosa raha alipokufa. Nikatoka nimechangamka hadi nilipofika kituoni, nikagundua kwamba nimesahau koti ukumbini, na sikuwa na nguvu ya kurudi kulichukua.

Umeuliza. Nililirusha mimi.

Mpaka raundi ya saba alikuwa anashinda. Ya nane alipigwa nyuma ya sikio. Alipokuja kukaa nilimuuliza hii ni raundi ya ngapi. Akaniambia ni Jumanne. Ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia kocha, kocha akasema mwagie maji. Raundi ya tisa mguu wake wa kushoto ulianza kuburuta, kama wa mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Watu elfu nne walikuwa wanapiga kelele asimame, na alikuwa amesimama, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Nikachukua taulo begani mwangu nikalirusha.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alikuwa bado amevaa glavu. Akauliza, "Nani kakutuma?" Nikasema hakuna. Akauliza mara ya pili. Nikasema hakuna. Akasema basi ni wivu, akanipiga. Hiyo ndiyo ngumi yake ya mwisho, mwanangu, vitabu vya rekodi vinakosea. Daktari alimfungia asipigane tena, na hilo nalo likaandikwa kwangu. Baada ya mwezi nikapata kazi ya lifti huku. Tangu siku hiyo hajasema nami. Ni miaka ishirini na sita, umri wako wewe na miezi miwili.

Hiyo ndiyo sehemu yangu. Kuna nyingine ambayo si yangu, kwa hiyo usiniulize. Na Mama usimwonyeshe barua hii. Hasa Mama.

Baba yako Mdogo.

9 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Keti kwanza.

Barua yako niliiweka mfukoni mwa aproni yangu ya kazini. Najua unachotaka kusema. Aproni inafuliwa Ijumaa, na anayefua, kwa sababu hataki msaada wa mtu, ni Mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mikono ina povu hadi viwikoni, barua imeanikwa kwenye kamba kwa vibanio viwili. Aliendelea kukamua nguo. Nami nikaogopa kuuliza. Siku mbili zikapita hivyo.

Jumapili Baba alileta wageni, yule fundi bomba na jirani wa pembeni, kuwaonyesha filamu kwenye televisheni. Ilikuwa mara yake ya kumi na moja, mimi nahesabu. Alikuwa anawaeleza kila kitu kabla hakijatokea. Ikafika pale kwenye pambano la mwisho, yule dada wa kope akafungua mdomo: "Simama, mume wangu, simama."

"Sikusema hivyo," akasema Mama. Alikuwa mlangoni na kapu la nguo.

Baba hakugeuka. "Ni filamu, mke wangu. Lazima waongeze chumvi."

"Sikuwepo ukumbini. Daktari alinikataza kutoka kitandani. Nilichosema nilikisema asubuhi, jikoni, kwa mdogo wako. Nilimwambia, ukiona mguu wake unaburuta, mrudishe nyumbani, na usimwambie ni mimi, maana hatanisamehe. Akaniapia. Nilidhani angesema baada ya siku mbili tatu. Nikamngoja aseme ili nami niseme. Hakusema. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuogopa."

Fundi bomba alisimama akasema amekumbuka bomba mahali fulani. Jirani akamfuata. Kwenye televisheni Baba wa meno mazuri alikuwa bado anapigwa. Baba wetu alichukua rimoti, akabonyeza vitufe vinne kabla ya kupata cha kuzimia, akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anakuficha wewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukakaa unakula na mimi."

"Ndiyo. Na nimekula na wewe miaka ishirini na sita kwa sababu ulirudi ukiwa na kichwa."

Akatoka nje. Hadi leo hasemi na Mama. Anakula kibandani kwa kinyozi, analala sebuleni, miguu inaning'inia ingawa kochi si fupi wala yeye si mrefu. Habari njema ni kwamba wewe umepumzishwa. Kununa kumehamishiwa kwa mtu mwingine. Mama anatembea nyumbani kama mtu aliyetua mzigo akasahau jinsi ya kutembea bila mzigo. Goti limepona, eti.

Alinipa ujumbe kwako. Alisema nikuandikie neno "samahani", halafu akasema hapana, ni dogo sana, usiandike kitu. Nami nimeandika yote mawili.

Njoo utuone.

Binti yako.

1 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, lifti nzima, hospitali nayo inajitahidi.

Mwambie shemeji hakuwa na haja. Nilikuwa nimeshazoea. Mtu akiitwa mwenye wivu miaka mingi kiasi hicho huanza kujiuliza kama kweli hakuwa nao, na mimi nilishafika mahali nikakubali kwamba huenda nilikuwa nao kidogo. Sasa ananiletea usafi nikiwa na umri huu, niuweke wapi?

Hilo ni la mzaha. La kweli ni kwamba nilisoma barua yako nikiwa juu ya paa la lifti, na ilibidi niwaambie watu wa ghorofa ya tatu wapande ngazi kwa muda.

Kuja siwezi. Sijaitwa na mwenye nyumba. Akae na hasira yake, ila amhurumie mkewe. Kuninunia mimi ni rahisi, niko mbali. Yeye atamnunia vipi mtu anayemfulia?

Baba yako Mdogo.

28 Agosti

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naandika haraka. Jana Baba aliniuliza, huku akiangalia dari, "Yule fundi wa lifti anakaa mtaa gani?" Nikamwandikia anwani kwenye risiti ya miwani. Leo asubuhi begi lake halipo, naye hayupo. Hakumuaga Mama. Mama anasema hana wasiwasi, na amepiga pasi mapazia.

Ukimwona mtu mfupi mwenye pua iliyoegemea upande mmoja, usimrushie kitu.

Binti yako.

6 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya kuniarifu kwamba anakuja imefika leo. Yeye amefika Jumanne. Posta hawajawahi kuniangusha.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kwenye ngazi za jengo letu, begi magotini. Ninakaa ghorofa ya tano. Akasema, "Lifti yenu ni mbovu." Ni kweli, ni mbovu mwezi wa pili sasa, mwenye jengo hataki kuwalipa mafundi, yaani mimi. Kwa hiyo tulipanda kwa miguu. Ghorofa ya pili akapumzika. Ya tatu akapumzika zaidi, akashika ukuta, na nikaona mguu wa kushoto. Bado upo vilevile, mwanangu. Hamkuniambia. Labda mmeuzoea hadi hamuuoni. Nikabeba begi nikatangulia, nikijifanya natafuta ufunguo.

Usitegemee nikuletee maneno makubwa. Siku ya kwanza tuliongea habari za bei ya vitu. Ya pili alikagua nyumba yangu yenye chumba kimoja, akasema pazia limekaa vibaya, akalishusha, na sasa hakuna pazia. Ya tatu, tukiwa tunamenya viazi, akauliza bila kuinua uso, "Raundi ya kumi ningefika?"

Nikasema, "Hapana."

"Una hakika?"

"Uliniambia ni Jumanne."

Akamenya viazi viwili. Kisha akasema, "Ungesema ni yeye, ningemwacha. Nilikuwa mpumbavu kiasi hicho."

"Nilijua," nikasema. "Ndiyo maana nilisema hakuna."

Viazi vilikuwa vimeisha, na aliendelea kukishika kisu.

Jana aliniambia nimwandikie barua mke wake. Nikamwambia mimi ni fundi lifti, si karani, aandike mwenyewe. Nikampa kalamu, nikampa karatasi, nikasogeza vikombe. Aliishika kalamu kama anayeshika kifaranga asikiumize. Alikaa saa nzima. Nami nilikwenda dirishani, kwa kuwa halina pazia, nikatazama barabara ili asijione anatazamwa. Nasikia kalamu inakwaruza, inasimama, inakwaruza. Mara akauliza, "Hivi 'ulifanya vizuri' ni maneno mawili au matatu?"

"Mawili," nikasema.

"Ulifanya. Vizuri." Akayatamka polepole, kama anayeyapima. Kisha akayarudia, na nilipogeuka, karatasi ilikuwa imeshakunjwa iko ndani ya bahasha, na alikuwa ananitazama mimi.

Bahasha hiyo nimeiweka ndani ya hii. Mpe Mama mkononi, usiisome. Mimi nayajua maneno yake mawili tu, na yamenitosha. Atarudi Jumatano ijayo. Anasema nije naye, na nimeomba likizo.

Baba yako Mdogo.